Pumzi ya Mkufu

Wiki ya tatu baada ya kumzika kaka yangu, mama alianza kumsikia akipumua.

Hakuja kuniambia kwa kelele. Alisimama kwenye mlango wa karakana yangu, chumba cha mbele ninachotengenezea redio na spika za watu, akasubiri nimalize kulehemu nyaya mbili. Mikono yake ilikuwa bado na povu la sabuni.

"Zima hicho kitu," akasema. "Njoo usikie."

Nikazima, nikamfuata. Chumba cha kaka kilikuwa mwisho wa korido. Kitanda chake cha chuma kilikuwa kama tulivyokiacha, godoro limekunjwa, viatu vya kazi vimepangwa chini, vumbi la mbao bado limo kwenye kamba zake. Kaka alikuwa seremala mwenye pumu. Mtaani walimwita Kifua, na mwenyewe alicheka kuliko waliomwita. Ukuta wa upande wa dirisha ulikuwa wote wa Mkufu: sanduku la mbao na kioo, refu kuliko kitanda, alilolijenga kaka kwa mabaki ya kazini.

Mkufu ni chatu. Kaka alimpata akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, akawa anamvaa shingoni akipiga randa, ndiyo maana ya jina. Miaka tisa baadaye hakuna shingo ambayo ingembeba.

Alikuwa amelala kwenye kona, kichwa kimeinuka kidogo, hakitikisiki.

Krrr… hiii.

Kimya kirefu. Kisha tena. Krrr… hiii. Kama kiti kinachoburutwa chumba cha pili, na mwishoni filimbi nyembamba.

"Ni yeye," mama akasema.

"Mama, huyo ni nyoka."

"Nimemzaa mimi. Nimelala naye kifuani miaka sita nikihesabu hiyo filimbi. Wewe wa juzi ndiye utakayenifundisha?"

Kazi yangu ni masikio. Niwekee spika mezani, nitakuambia koni imepasuka upande gani kabla sijaifungua. Na masikio hayohayo, pale mlangoni, yaliniambia kwamba mama hajakosea. Ule mkwaruzo ulikuwa wa kaka. Ile filimbi ilikuwa ya kaka. Hata ule mkato mdogo kabla ya kuvuta tena ulikuwa wake.

Lazima niseme alivyokufa, maana bila hilo hutaelewa kwa nini hatukucheka, tukafunga mlango na kurudi kazini.

Kaka alifia katika chumba hicho kwa pumu, alasiri, peke yake. Mama alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa karakana, hatua kumi na nne kutoka kitandani kwake, nikijaribu besi ya spika ya mteja kwa sauti iliyotikisa vikombe kabatini. Kama aliita, aliita ndani ya besi yangu. Aliyekuwa naye mpaka mwisho ni Mkufu.

"Aliichukua," mama akasema kwa sauti ndogo. "Ile ya mwisho. Haikwenda popote. Aliichukua huyu."

*

Kuanzia siku hiyo mama alihamia kwa Mkufu. Alipeleka kigoda, akapeleka kikapu cha ufumaji, kisha akaacha kufuma. Chakula nilimpelekea humo na nikakitoa humo kikiwa na tundu moja la kijiko katikati. Asubuhi nilimkuta ameketi, paji la uso limegusa kioo. Mchana vivyo hivyo.

Hilo ningelivumilia. Watu huomboleza kila mmoja kivyake. Lakini siku ya nne nilisimama nyuma yake na trei mkononi, nikagundua jambo lililonifanya niishike trei kwa mikono miwili. Mama alikuwa anapumua na nyoka. Mkufu akivuta, mama akavuta. Mkufu akitoa, mama akatoa. Na Mkufu aliponyamaza, kama chatu wanavyoweza kunyamaza, nusu dakika, dakika nzima, mama naye alinyamaza. Mabega yake hayakupanda wala kushuka. Midomo ilianza kubadilika rangi.

"Mama!"

Krrr… hiii. Mama akavuta hewa pamoja naye, akageuka taratibu kama mtu aliyeamshwa.

"Usipige kelele," akasema. "Atapotea."

"Na siku akinyamaza moja kwa moja?"

Alirudisha paji la uso kwenye kioo, na hilo likawa jibu lake.

Nikampigia simu mjomba, mdogo wake mama wa tumbo moja, mtu wa maneno mengi anayeuza mabati na kuamini kwamba kila tatizo la dunia ni paa linalovuja. Alikuja amevaa kofia yake ya sherehe.

"Dada," akaanza akiwa bado koridoni, "nimeambiwa umepata mjukuu asiye na miguu."

"Ukiingia na huo mdomo, utatoka bila huo mdomo."

"Sasa mimi nimekosa nini? Dada yangu, huyo si mtoto. Huyo ni mkanda wa suruali uliokataa kazi. Nina rafiki anafuga wanyama wa maonyesho, kesho asubuhi anakuja na gunia na…"

Krrr… hiii.

Mjomba alibaki na neno lake mdomoni. Aliangalia kitanda kwanza. Sanduku hakuliangalia kabisa. Aliangalia kitanda, lile godoro lililokunjwa, kisha akaangalia viatu, kisha akaniangalia mimi, uso umemshuka kama nguo iliyokatika kamba.

"Kifua?" akaita, polepole, kama unavyomwita mtu aliye chooni.

Alirudi kinyumenyume hadi mlango wa nje. Pale barazani alinishika mkono. "Mama yako anapungua. Umeiona ile mikono? Fanya kitu, mwanangu." Nikamuuliza kitu gani. Akasema hajui, yeye ni mtu wa mabati. Kofia yake ilibaki kwenye kigoda cha koridoni, na hakutuma mtu aje kuichukua.

*

Kilichonisaidia ni daftari. Kaka hakuwa msomaji, ila alikuwa na daftari la vipimo, kurasa za mbele meza na vitanda vya wateja, kurasa za nyuma Mkufu. Nililikuta kwenye boksi la vifaa vyake, chini ya patasi, nikaketi nalo karakana.

Aliandika kama alivyozungumza:

"Ulimi wa haraka haraka, anauliza. Ulimi wa polepole, ameshapata jibu. Ulimi usiotoka kabisa na shingo imejikunja kama ndoano, toa mkono wako.

"Akijiviringa mpira na kuficha kichwa anaogopa. Watu wanadhani ndiyo ukali. Mkali hafichi kichwa.

"Macho yakiwa kama yametiwa maziwa anataka kujivua gamba. Haoni vizuri. Na wewe ungekuwa huoni vizuri ungependa kushikwa?

"Akitoa hsss ndefu mara moja, hiyo ni hodi yako imekataliwa. Bisha kesho."

Kulikuwa na ukurasa mmoja wenye mchoro wa mguu. "Nyoka hana masikio ya nje. Anasikia kwa taya, kwa kuliweka chini. Kwa hiyo kabla sijaingia napiga kisigino mara mbili sakafuni, du du, ajue ni mimi na si chakula. Akinisikia anashusha kidevu chini, shingo inalegea, ulimi unatoka polepole. Nimewapigisha wote visigino, mama, dada, mjomba. Hashushi. Hivi ananifanyia mimi tu."

Nilikumbuka siku hiyo. Mjomba alipiga kisigino mpaka akaumia goti.

Kisha ukurasa wa mwisho wenye maandishi, na chini yake mstari wa penseli uliokolezwa mara mbili:

"Nyoka mzima akitulia hana sauti. Ukimsikia anapumua akiwa ametulia, mkwaruzo au filimbi, kichwa amekiinua juu, hiyo si hasira na si salamu. Ni mapafu. Amepigwa na baridi. Angalia joto kwanza. Bila joto na sindano anakufa, na anakufa taratibu."

Angalia joto kwanza.

Nilikwenda chumbani kwa kaka, nikapiga magoti kando ya sanduku bila mama kugeuka. Chini kulikuwa na balbu ya joto ndani ya wavu. Ilikuwa nyeusi. Nikapapasa kutafuta waya wake wa umeme ili nione kama umechomoka, vidole vyangu vikafika kwenye tundu la waya, na tundu lilikuwa tupu.

Nilijua waya uko wapi kabla sijasimama.

Siku ya mazishi waombolezaji walijaa hadi barabarani, na waya wa amplifaya ukaungua. Watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele kwamba hawasikii. Nilikimbia ndani, nikachomoa waya wa kwanza uliofanana na ule, nikarudi nikaunganisha, na kila aliyesimama kumsifu kaka yangu akasikika hadi nyumba ya nane. Waya huo haukuwahi kurudi. Ulikuwa mezani kwangu karakana, nyuma ya amplifaya ileile, na karibu na plagi ulikuwa na utepe mwekundu aliouzungusha kaka kwa mkono wake. Nilikuwa nikiusogeza kila siku ili niweke kikombe. Na hii ilikuwa miezi ya baridi, na sakafu yetu ni saruji tupu.

Mara ya kwanza nilimfunika kaka kwa besi. Mara ya pili nilichukua joto la nyoka wake ili nimtangazie kaka sifa zake. Nikarudi karakana, nikaketi sakafuni na ule waya mapajani, na kutoka mwisho wa korido ikaja: krrr… hiii. Baada yake ikaja nyingine, nyembamba zaidi, ya mama.

*

Niliurudisha waya siku hiyohiyo. Kesho yake nikamleta daktari wa mifugo mama alipokuwa anaoga. Alikuwa mtu mrefu, aliyeinama, ana mkoba uliochanika na harufu ya zizi.

"Nikuambie ukweli, dada," akasema akichungulia kioo kwa mbali. "Miaka kumi na minane nimechoma sindano ng'ombe, mbuzi, mbwa, na punda mmoja mwenye kisirani. Nyoka nimechoma wawili. Mmoja tulikuja kugundua alikuwa ameshakufa."

"Na wa pili?"

"Wa pili alipona. Mimi ndiye niliyelazwa."

Lakini alikuwa anajua. Alimulika kinywa kwa tochi Mkufu alipokifungua, akanionyesha mapovu pembeni ya midomo. Kichomi. Sindano saba, moja kila siku ya tatu. Bila hivyo hamalizi wiki mbili. "Ila mimi peke yangu siwezi. Lazima mtu amshike nyuma ya kichwa na mtu huyo asitetemeke. Wewe unatetemeka tangu nimefika."

"Mimi sitetemeki," mama akasema.

Alikuwa mlangoni, khanga imemshika mwili kwa maji, nywele zinadondoka.

"Mnataka kumnyamazisha," akasema.

"Mama, anaumwa. Soma hapa, kaka mwenyewe ameandika."

"Nimeuliza kitu kingine. Daktari, akipona, hii sauti itakuwepo?"

Daktari alinitazama. "Mzima hana sauti, mama," akasema.

"Basi funga mkoba wako."

Hapo ndipo niliposema. Sikuwa nimepanga. Nilisema habari ya waya, utepe mwekundu, amplifaya, watu wa nyuma waliokuwa hawasikii. Nilisema kwamba hiyo filimbi nimeitengeneza mimi, kwa mikono yangu, kama ninavyotengeneza redio. Nikasema na lile jingine ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, kwamba besi ilikuwa juu kabisa, na kwamba ningekuwa nimeipunguza kidogo tu ningesikia. Sauti yangu ilikuwa inapanda, na daktari alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Mkufu akavuta. Mama hakuvuta. Nilimwona akiacha ile pumzi ipite bila yeye, kama mtu anayeacha gari liende.

"Alikuwa peke yake," akasema hatimaye. "Hilo ndilo linaloniua. Si kufa. Alikuwa peke yake, hakuna aliyemshika."

Akaja mpaka kwenye sanduku. Alipiga kisigino kilicholowa mara mbili sakafuni. Mkufu hakushusha kidevu, lakini ulimi ulitoka, haraka haraka, ukiuliza. Mama akafungua kioo. Shingo ya chatu ikajikunja kuwa ndoano, na daktari akasema kitu kwa Mungu wake.

"Nyamaza wewe," mama akamwambia nyoka, kwa sauti aliyokuwa akimwambia kaka wakati wa dawa. "Naijua hiyo. Nyamaza, mwanangu. Nipo." Akasubiri. Mkono wake ulikaa hewani, wazi, hautikisiki, mpaka ndoano ikalegea. Kisha akamshika nyuma ya kichwa na mkono wa pili ukaubeba mwili, na uzito wote ule ukamlalia kifuani.

"Choma," akamwambia daktari.

*

Sindano ya pili, filimbi ilikuwepo. Ya tatu, ilibaki mkwaruzo tu. Mama aliendelea kukaa kwenye kigoda, lakini sasa alikaa kwa kuegemea ukuta, akipumua kwa mwendo wake mwenyewe, na mara nyingine nilisikia sindano za kufumia. Ya tano, mkwaruzo ulikuja mara moja asubuhi, mara moja jioni. Tulikula mezani. Mama alikula akiwa ametega sikio, kijiko kimesimama hewani, halafu akameza.

Baada ya sindano ya saba daktari alisimama muda mrefu, sikio limekaribia kioo kuliko alivyowahi kuthubutu. "Safi," akasema. "Kama hayupo."

Mama aliingia chumbani akafunga mlango. Nilimsikia akilia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kilio kikubwa kisicho na aibu. Sikumfuata. Nilizima kila kitu karakana, redio, spika, hata feni, ili kama akiita nisikie.

Hakuita. Alitoka uso umevimba, akauliza kama kuna chai.

Kwa siku kumi nyumba ilikuwa kimya na mimi nilikuwa mtu mwenye furaha. Mkufu alikula. Macho yakawa ya maziwa, yakarudi kuwa safi, akajivua gamba zima bila kuchanika, mama akalikunja na kulihifadhi pamoja na daftari. Niliangalia kila alama aliyoiandika kaka na kila moja ilisema mzima.

Jana, saa kumi alasiri, tulikuwa wote chumbani. Ni saa ambayo kaka alikuwa akitoka kazini, lakini hatukukaa pale kwa sababu hiyo. Mama alikuwa anafuma akiwa ameketi kwenye kigoda, mimi nilikuwa sakafuni nafuta kioo kwa gazeti. Miguu yetu, yangu na yake, ilikuwa imenyooshwa kuelekea mlangoni.

Mkufu alikuwa amelala kwenye joto. Akainua kichwa. Ulimi ukatoka haraka haraka, kuelekea korido.

"Kuna mteja?" mama akauliza.

"Nimefunga."

Ulimi ukaendelea, ukiuliza, ukiuliza. Kisha ukaanza kupunguza mwendo. Nikaacha kufuta. Kichwa cha chatu kikateremka polepole, kikaja mpaka chini, kidevu kikalala kwenye ubao. Shingo ikalegea, yote, kama kamba iliyofunguliwa fundo. Ulimi ukatoka taratibu, ukakaa nje, ukarudi.

Nilimtazama mama. Sindano zake zilikuwa zimesimama. Nilitazama visigino vyetu vinne. Hakuna kilichokuwa kimetikisika.

Niliweka kiganja sakafuni. Saruji ilikuwa ya baridi, na kwa muda haikuwa na kitu kingine. Nilishawahi kusikia besi kwa kiganja, najua sakafu inavyozungumza: gari likipita inanguruma, jirani akitwanga inadunda ovyo. Hii haikuwa hivyo. Hii ilikuja mara mbili, nyepesi, karibu sana, upande wa pili wa mlango uliokuwa wazi.

Mama alivuta miguu yake taratibu, akaikunja chini ya kigoda, kama unavyompisha mtu.

Nami nikaivuta yangu.